Kisa cha Kiwayu: Nyayo Zilizobeba Kesi Nzima

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Septemba 2011, mume na mke kutoka Uingereza walikuwa wamelala kwenye banda la makuti ufuoni Kiwayu, kaskazini kabisa mwa Lamu. Walikuwa wametua siku hiyohiyo wakitokea Maasai Mara. Hoteli nzima haikuwa na mgeni mwingine. Banda lenyewe halikuwa na mlango wala kufuli. Lilijengwa wazi makusudi, mtu apate upepo na aione bahari akiwa kitandani. Baada ya saa sita usiku wakaingia watu wenye bunduki. Mume akapigwa risasi, akafa. Mke akaburutwa mpaka majini, akapakiwa botini, akavushwa Somalia, na huko akazuiliwa zaidi ya miezi sita hadi kikombozi kilipolipwa na akaachiliwa Machi 2012.

Majina ya wahusika yalijaa magazetini wakati ule. Hapa nitasema mume, mke na mshtakiwa, kwa sababu ninachokifuata ni ushahidi na safari yake: ulivyookotwa mchangani, ulivyopandishwa kortini Lamu, na ulivyoporomoka Malindi miaka kumi na ushei baadaye. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ayapime anavyosoma. Kesi hii ilimfunga mtu kwa kuijua njia, na aliyefyatua risasi hakuguswa.

Asiyelijua eneo hudhani Kiwayu ni kama Shela, kijiji kilicho karibu na Lamu mjini, mtu anatoka kwake anafika kwa miguu. La hasha. Ni kisiwa chembamba cha Wabajuni, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, na ng'ambo yake upande wa bara ndiko ilikokuwa hoteli. Nyuma ya ufuo ni msitu wa Boni. Mpaka wa Somalia uko kama kilomita 40. Boti yenye injini nzuri inaumaliza mwendo huo kabla mtu wa Lamu mjini hajapata simu, achilia mbali kuvaa viatu na kutafuta mafuta. Kwa hiyo waliofanya kitendo walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kukicha watakuwa nje ya mkono wa serikali ya Kenya, na ndivyo ilivyokuwa.

Aliyebaki upande huu wa mpaka ndiye aliyekamatwa.

Mtu wa msitu

Mshtakiwa alikuwa Mboni, yaani wa jamii ya Waboni, mtu wa kukata kuni na kurina asali. Aliwahi pia kufanya kazi hotelini hapo. Alitiwa mbaroni muda mfupi baada ya shambulio, na maelezo yake tangu mwanzo yalikuwa kwamba alikutana na watu wenye silaha, wakamlazimisha kwa mtutu wa bunduki awaonyeshe njia ya kwenda hotelini.

Kwa upande wa mashtaka, maelezo hayo yalikuwa neema. Mtu anasema mwenyewe kwamba alikuwa nao! Kilichobaki ni kuliondoa neno "wakanilazimisha", na hadithi ya mwathiriwa inageuka hadithi ya mshirika. Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu kisa chote kinategemea neno hilo.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 16, inasema mtu hana hatia ya jinai ikiwa kosa limefanywa na watu wawili au zaidi, naye akashiriki kwa sababu tu wenzake walimtishia kifo au jeraha kubwa la papo hapo, na tishio hilo likadumu muda wote wa kitendo. Sheria haimtaki mkata kuni awe shujaa mbele ya bunduki. Kwa hiyo swali la hakimu lilipaswa kuwa finyu sana: je, mtu huyu aliwaongoza kwa hiari? Nyayo haziwezi kulijibu swali hilo. Alama ya kiatu, hata ikiwa kamilifu, inasema kiatu kilipita hapa. Haisemi kama nyuma ya mwenye kiatu kulikuwa na mtutu. Mashtaka yakithibitisha kwamba nyayo ni zake, yatakuwa yamethibitisha jambo ambalo mwenyewe hakulikana.

Kuhusu Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, neno moja la muktadha. Waliishi kwa uwindaji na asali mpaka Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kabla ya hapo vita vya shifta vya miaka ya 1960 vilikuwa vimewatoa msituni na kuwapanga kwenye vijiji kando ya barabara ya Kiunga: Bargoni, Milimani, Basuba, Mangai, Mararani. Lugha yao ni ndugu ya Kisomali. Siwezi kuingia moyoni mwa mpelelezi, lakini anayeijua Lamu anaelewa jinsi mtu wa msituni, maskini, asiyesoma, mwenye lugha inayosikika kama ya ng'ambo, anavyoweza kuonekana mshukiwa kabla hajafungua kinywa. Na maarifa yake ya msitu, ambayo siku nyingine askari wangeyaomba yawasaidie, siku ile yakawa dalili ya hatia.

Mchanga, mwezi na maji

Ushahidi mkuu ulikuwa viatu. Vilikuwa vya bei nafuu, vinavyoitwa tanga, aina inayovaliwa na watu wengi. Mpelelezi wa cheo cha juu kutoka polisi wa London, aliyekuja kusaidia uchunguzi, alitoa ushahidi kortini Lamu akihusisha viatu hivyo na alama zilizoonekana ufuoni. Upande wa utetezi ulishikilia kwamba mshtakiwa alikuwa pekupeku alipokamatwa, kwa hiyo viatu vyenyewe havikuwa vimethibitishwa kuwa vyake.

Tuchukulie kwanza kwamba vilikuwa vyake, tuone uzito unafika wapi. Kiatu kinachotoka kiwandani kwa maelfu kina mistari ileile ya soli. Alama yake ikifanana na iliyo ardhini, unachoweza kusema ni kwamba kiatu cha aina hiyo na saizi hiyo kilikanyaga pale. Ili useme ni kiatu hiki hasa, unahitaji kasoro zake mwenyewe: mkato wa mwiba, upande uliolika kwa namna mtu anavyotembea, tobo, kipande kilichobanduka. Na ili kasoro hizo zionekane, ardhi lazima iwe imezishika. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu hushika. Mchanga mkavu haushiki kitu. Kingo za alama humomonyoka mguu ukiinuliwa. Mchanga uliolowa hushika vizuri, lakini uko pale maji yanapofika, na yatarudi.

Hili la maji lina mambo. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12 Septemba 2011, maana yake shambulio lilifanyika siku moja tu kabla ya mwezi mpevu, na kila mvuvi wa pwani hii anajua hapo ni bamvua, yaani maji makuu. Maji ya bamvua kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hujaa karibu na saa kumi, ya usiku na ya alasiri. Basi watu waliofika ufuoni baada ya saa sita walifika maji yanapanda. Boti iliweza kusogea karibu. Mbalamwezi iliwatosha kuona bila tochi. Na alama yoyote iliyoachwa kwenye mchanga uliolowa saa ile ilifunikwa na bahari kabla ya alfajiri. Zilizobaki kukicha ni zile za juu, kwenye mchanga mkavu, mahali ambapo wafanyakazi wa hoteli walikimbia huku na huku usiku ule, na asubuhi wakaja askari na kila aliyetaka kushuhudia.

Sisemi mahakama haikuwa na alama za kutosha mbele yake. Nasema kila shahidi wa nyayo ufuoni lazima aulizwe maswali manne kabla hajaaminiwa: alama ilikuwa juu au chini ya mstari wa maji, ilipigwa picha saa ngapi, kabla yake walipita nani, na je, ilitolewa umbo kwa plasta au ilitazamwa kwa macho tu? Wakili wa kawaida angeyauliza, na mvuvi yeyote angeyauliza bila hata kusoma sheria. Mshtakiwa wetu, mtu wa msitu na asali, aliachwa amhoji mpelelezi wa London peke yake.

Kwa nini hakuwa na wakili

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo ambapo taarifa nyingi za wakati ule zilipita mbio.

Mtu aliuawa, lakini mshtakiwa hakushtakiwa kwa mauaji. Alishtakiwa kwa wizi wa mabavu na utekaji nyara. Tofauti si ya karatasi tu. Nchini Kenya kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili anayelipwa na serikali. Wizi wa mabavu huenda kwa hakimu, na huko kwa desturi ya miaka ile mtu maskini alijitetea mwenyewe. Ajabu ni kwamba adhabu ni ileile. Kifungu cha 296(2) kinaweka kifo kwa mwizi aliyekuwa na silaha, au aliyekuwa na mwenzake, au aliyejeruhi. Kwa hiyo mtu anaweza kukabili kitanzi katika mahakama ya chini, bila wakili, kwa tukio ambalo lingemletea wakili wa bure kama shtaka lingeandikwa "mauaji".

Katiba ya 2010 ilikuwa tayari inafanya kazi. Ibara ya 50(2)(h) inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili na serikali iwapo bila wakili kutatokea dhuluma kubwa, na 50(2)(m) inampa mkalimani bila malipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016 tu, kesi ikiwa imeshakwisha. Sehemu kubwa ya usikilizaji, mshtakiwa alikuwa peke yake, bila kujua kusoma, huku mambo yakienda kwa Kiingereza na Kiswahili, naye lugha yake Kiboni. Mtu anaweza kukijua Kiswahili cha sokoni na cha kuuzia asali, kisha akapotea kabisa anaposikia maelezo ya soli, vielelezo na mlolongo wa uhifadhi wa ushahidi. Anayesema "si anajua Kiswahili huyu" hajawahi kukaa kortini siku nzima.

Julai 2013, mahakama ya Lamu ikamtia hatiani na kumhukumu kifo.

Kipimo kilichopaswa kutumika kilikuwapo tangu ukoloni. Mwaka 1949, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Kipkering arap Koske, ilisema ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili bila aliyeona kwa macho, unatosha tu pale ambapo mambo yaliyothibitishwa hayawezi kukaa pamoja na kutokuwa na hatia, na hayana maelezo mengine ya maana isipokuwa hatia. Mwaka 1958, katika Simoni Musoke, mahakama ikaongeza kwamba lazima pia kusiwe na mambo mengine yanayoudhoofisha mlolongo huo. Waliotengeneza kanuni hizi hawakuwa watu wa huruma nyingi. Walijua tu jinsi hadithi nzuri inavyoweza kumvuta hakimu.

Zipitishe hapo hoja za Kiwayu. Aliwahi kufanya kazi hotelini: wengi waliwahi. Anaujua msitu: ni Mboni. Alikuwa na wavamizi: anasema alishurutishwa. Viatu: aina ya kawaida, na umiliki wake unabishaniwa. Kila moja ina maelezo ya pili yaliyo ya kawaida kabisa, na kuzirundika pamoja hakuyaondoi maelezo hayo. Ni sawa na kusuka kamba kwa nyuzi zilizooza ukitumaini wingi wake utavuta jahazi.

Kutoka Lamu hadi Malindi kupitia London

Hukumu haikutekelezwa, Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia vifungo vya maisha wafungwa wote 2,747 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Kwa mtu asiye na hatia, hiyo ni kubadilishiwa chumba tu.

Kilichoanza kuitikisa kesi kilitokea mbali na pwani. Mashirika ya haki za binadamu yaliichukua, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya London ikaamuru polisi wa mji huo wampe mshtakiwa nyaraka walizokuwa nazo kumhusu, kwa kutumia sheria yao ya ulinzi wa data. Tazama mambo: mfungwa wa Pwani ya Kenya anapata London karatasi alizopaswa kuwekewa mbele yake kabla kesi haijaanza Lamu. Baadaye uchunguzi huko Uingereza ukaukuta ushahidi wa yule mpelelezi kuhusu viatu una walakini mkubwa.

Mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Malindi ikaifuta hatia. Upande wa mashtaka wenyewe ulikubali kwamba haikuwa salama. Jambo hilo ningependa lisipitwe haraka. Rufaa nyingi hushindwa kwa sababu serikali hutetea ilichopata hata kikiwa kibovu. Safari hii mwendesha mashtaka alisimama akasema ukweli. Mshtakiwa alikuwa ametumikia zaidi ya miaka kumi.

Yafaa pia kukumbuka joto la 2011, maana bila hilo hatuelewi haraka ya kumpata mtu. Tarehe 1 Oktoba mama mmoja Mfaransa mwenye ulemavu alitekwa Ras Kitau, kisiwani Manda, karibu kabisa na Shela, naye akafa mateka. Wiki mbili hazijaisha wakatekwa wafanyakazi wawili wa misaada, Wahispania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Tarehe 16 Oktoba jeshi la Kenya likaingia Somalia. Hoteli ya Kiwayu ikafungwa, wageni wakaihama Lamu, mabaharia wa mashua za kitalii wakakaa na matanga yamekunjwa, na wavuvi wakapigwa marufuku ya kuvua usiku iliyowatesa kwa miaka. Nchi nzima ilitaka jibu, na jibu pekee lililokuwa rumande lilikuwa mtu mmoja.

Fumbo lenyewe

Ukiliondoa jina la mshtakiwa kwenye faili, kinabaki kitu cha kushangaza ambacho kesi haikukichimba inavyostahili: ulikuwa usiku wa kwanza wa wageni wale.

Kuna njia mbili za kulisoma hilo. Ya kwanza, wavamizi walikuwa na habari. Mtu aliwaambia leo wametua wawili, wako peke yao. Lakini habari ya namna hiyo hukaa kwa watu wachache: wanaopanga safari, wanaopokea ndege, waendesha boti, watu wa jikoni na wa mabandani. Mkata kuni aliyekwisha kuacha kazi hotelini hana mahali pa kuipata, labda apewe na aliye ndani. Kwa hiyo hata anayeamini palikuwa na mtoa siri, njia ya habari hiyo inaelekea simu za watu wengine, si msituni.

Ya pili, hawakuwa na habari yoyote. Walitaka mzungu yeyote, wakaja bamvua ilipowapa maji na mwezi, wakawakuta hao. Ikiwa ndivyo, hawakuhitaji mtu wa ndani, walihitaji tu wa kuwafikisha, na hapo maelezo ya mshtakiwa kwamba walimkuta wakamshika yanakaa sawa kabisa na tukio. Mimi naelekea upande huu. Utekaji wa Manda wiki tatu baadaye, nao kwa boti na usiku, unaonyesha watu waliokuwa wakipima ufuo na majira, si waliokuwa wakimfuata mtu fulani.

Kuna na swali la safari yenyewe. Kama walikuja kwa boti mpaka mbele ya hoteli, kiongozi wa nchi kavu ni wa nini? Kama waliteremka mbali wakatembea, nyayo zao zote zilikuwa kwenye njia hiyo, za watu kadhaa, na za mtu mmoja ndizo zilizofika kortini.

Hadi hatia ile inafutwa Malindi, hakuna mwingine aliyekuwa amehukumiwa kwa kifo cha yule mume. Kosa la mauaji halina kikomo cha muda katika sheria ya Kenya, kwa hiyo faili laweza kufunguliwa wakati wowote. Pa kuanzia si ufuoni tena. Ni kwa mke, aliyekaa na watu wale zaidi ya miezi sita, akasikia sauti zao na kuona nyuso zao. Ni kwenye njia ya fedha za kikombozi, mikono iliyopokea na iliyogawana. Na ni kwenye rekodi za simu za usiku wa tarehe 10 na 11 Septemba, ikiwa kuna aliyezihifadhi.